Mchezo wa Pilipili Moja

Bu Kusmiyati anaogopa radi. Anaogopa nyoka hata akiwa wa kuchorwa, anaogopa mtungi wa gesi ukinuka na usiponuka, na yule mjusi mkubwa wa darini akilia mara sita badala ya saba, hatoki nje mpaka asome Ayatul Kursi mara tatu. Nimekaa na Bu Kus, yaani Mama Kus, ukuta mmoja miaka kumi na tisa, mimi na cherehani yangu huku, yeye na woga wake kule. Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo najua ninachosema. Akishtuka yeye, sindano yangu inakwenda upogo.

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampa riziki ya kutisha watoto. Mumewe alipofariki alimwachia runinga nne na mashine nne za gemu katika chumba cha mbele, zulia la plastiki, na watoto wa kilima chote cha Gombel waliozoea kuja wakitoka shule. Angeziuza, asingeona haya. Lakini mwaka uleule binti yake, Wiwit, alikwenda Taiwan kumtunza bibi kizee wa watu, akamwachia Menik mwenye miaka minne. Baba yake Menik alikwishaenda Kalimantan zamani na kuoa huko. Bu Kus akahitaji kazi ya kufanya akiwa nyumbani na mtoto, na kazi iliyokuwapo ilikuwa ile.

Na watoto wa siku hizi hawataki mpira. Wanataka kutishwa.

"Mbah," yaani bibi, Tejo alikuwa akimwambia, kijana wa miaka kumi mwenye mdomo wa miaka arobaini, "weka ya mizimu. Hii ya mpira ni ya wazee wenye kisukari."

"Mizimu ya nini? Huna adabu. Cheza mpira."

"Basi tunakwenda kwenye gemu za kule chini barabarani. Kule kuna mtu anatembea bila kichwa."

Bu Kus alikuwa akiweka ya mizimu, kisha anatoka kukaa barazani akiwa ameyapa mgongo mambo yote, vidole masikioni. Hakujua kilichomo ndani ya michezo yake mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea ile ya nesi.

Ilikuwa gemu ya hospitali tupu yenye nesi anayetambaa darini. Menik, ambaye sasa ana miaka saba, aliitazama nyuma ya mabega ya wakubwa. Usiku ule akapiga kelele mpaka nikasimama kitandani. Siku tatu homa, siku tatu macho yamemtoka, hali chakula, anaangalia juu. Sisi ugonjwa huo tunauita sawan, mtoto akishtuka mpaka roho ikayumba, na dawa yake ni mzizi wa bengle, ndugu yake tangawizi, unaopondwa na kupakwa kwenye paji la uso. Niliuponda mimi mwenyewe. Akapona. Lakini siku ya tatu Wiwit alipiga simu ya picha, akaona paji la mwanawe limepakwa.

"Hiyo nini usoni?" akauliza.

Bu Kus hajui kusema uongo kwa haraka. Anahitaji siku nzima kuupanga.

"Sikiliza, Mama," Wiwit akasema, na mimi nilikuwa pale nimeshika bakuli la dawa. "Nikisikia tena mtoto amepata sawan kwa gemu zako, nampeleka Blora kwa wazazi wa baba yake. Nyumba yao kubwa, wako wawili, na hawana runinga hata moja ya mizimu. Nasema mara moja tu."

Simu ilipokatika Bu Kus alikaa chini, juu ya zulia la plastiki, kama mtu aliyeambiwa tarehe ya kufa. Menik ndiye anayelala naye kitanda kimoja, ndiye anayemshika mkono radi ikipiga. Nikawaza, huyu mama akinyang'anywa yule mtoto hamalizi mwaka. Sikumwambia, lakini nilijua naye analiwaza lilelile.

"Funga runinga hizo," nikamwambia. "Uza karanga."

"Mbak Narti, dada yangu, nikifunga, Menik ataacha kutazama? Ye ndiye wa kwanza kuomba mizimu. Nikimnyima atakwenda kule chini kwa yule mtu asiye na kichwa, na kule hakuna anayemchagulia." Akafuta pua kwa kanga. "Kutishwa wanapenda, Mungu ndiye aliyewaumba hivyo. Ninachotaka ni ya kutisha kidogo. Ya pilipili moja."

Muuza tofu wetu, kabla ya kusaga mchuzi, huuliza pilipili ngapi. Wanaume husema kumi ili waonekane. Mtoto husagiwa moja, akahema, akatoa ulimi, akanywa maji, akacheka. Bu Kus alitaka mchezo wa namna hiyo.

Basi akaanza kutafuta, na huo ndio ujasiri mkubwa niliopata kuuona maishani, ingawa ulichekesha. Kila siku baada ya adhuhuri, watoto wakiwa bado shuleni, aliwasha taa zote, akafungua mlango na madirisha, akaniita nikae nyuma yake, halafu akacheza. Kabla ya hapo hakuwahi kushika kile kidude cha kuchezea hata siku moja. Alikishika kama samaki aliye hai. Pembeni aliweka daftari la shule la Menik lililobaki kurasa, na kila mchezo ukimalizika, au yeye akimalizika, anachora pilipili.

Uko wa mwanasesere anayehama kiti ukimpa kisogo. Pilipili nane, na akatapika chai. Uko wa msitu na tochi inayokaribia kuzimika, tukausimamisha wote wawili, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona macho nyuma ya mti na mimi ndiye niliyepiga kelele. Uko wa samaki wadogo wazuri kwenye kilindi cha bahari. Nilidhani huo umefaa, nikamwona anachora pilipili tano.

"Tano za nini? Samaki wale wanaimba."

"Mimi sijui kuogelea," akasema.

Nikamwambia basi hapa hatutafuti mchezo wa watoto, tunapima woga wako. Akakasirika, hakunisemesha mpaka alasiri. Lakini kesho yake aliniita tena, na alikuwa amevaa sidiria mbili kuushikilia moyo usiruke. Ningecheka kama nisingejua anachokiona. Kila mchezo aliokuwa akiufungua ulikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na Menik akipandishwa basi la Blora.

Wiki ya tatu, muuza michezo wa sokoni akampa kasha lililoandikwa 7 ndani ya mraba.

"Umri wa miaka saba," Bu Kus akanionyesha kwa furaha. "Sawasawa na Menik. Wameupima huko huko ulikotengenezwa."

"Wameupima kwa watoto gani?"

"Watoto ni watoto, Mbak."

Na mimi sikusema zaidi. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba swali nililiuliza mimi na jibu nikalikubali.

Ulikuwa mchezo mzuri. Kuna bustani jioni, jua limekaribia kuzama, nyumba ya mawe ina moshi. Watoto wamepotea wakicheza, na bibi mmoja mwenye nywele ndefu nyeupe, miwani ya duara na aproni ya maua anawaita, "Njooni, njooni." Anawaficha chini ya gauni lake kubwa, anawapa keki. Kazi yako ni kuwatafuta ndugu zako mmoja mmoja. Muziki unapungua ukikaribia alipo bibi, na hicho tu ndicho cha kutisha. Hakuna anayeruka, hakuna damu. Ukimpata ndugu yako anatoka chini ya gauni akicheka na makombo mdomoni.

Bu Kus alicheza mpaka mwisho. Hakutapika, hakusoma Ayatul Kursi. Akachora pilipili moja, akaizungushia duara.

Alhamisi alasiri akawawekea watoto. Nilikuwa nashona sare upande wangu, nasikiliza kelele zao za kawaida, matusi ya Tejo na vicheko vya wasichana. Halafu kukawa kimya. Chumba chenye watoto saba kikinyamaza, mtu mzima husimamisha cherehani.

"Mbah," nikamsikia Tejo, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto wa miaka kumi. "Mbah, huyu ni Wewe."

Msomaji, usigeuke, si wewe unayeitwa. Wewe ndilo jina lake, Wewe wa Gombel, na Gombel ni kilima hiki tunacholala juu yake. Ni mwanamke mwenye nywele ndefu anayetoka magharibi ikiingia, anachukua watoto ambao wazazi wao hawawajali, anawaficha chini ya maziwa yake marefu. Hakuna mtoto wa hapa ambaye hakuingizwa ndani kwa jina hilo. Bibi zetu walitishwa naye, nasi tukatishwa, nasi tumewatisha hawa. Watu wa mbali wasiomjua walikuwa wamemchora bila kujua, wakamvisha miwani, wakamwandikia saba, na Bu Kus aliyezaliwa hapahapa akadanganywa na aproni.

Nilipofika mlangoni wasichana wawili walikuwa wamekwishakimbia bila kandambili. Tejo ameweka kidude chini, anafuta mikono kwenye suruali. Bu Kus amesimama mbele ya runinga akimkodolea macho yule bibi, na bibi anatabasamu, "Njooni, njooni."

Aliyebaki amekaa alikuwa Menik. Anatafuna chipsi za mihogo na macho hayajatoka kwenye picha.

Bu Kus akamrukia, akamshika paji la uso, shavu, shingo. Hakukuwa na homa. Lakini hata ile ya nesi homa ilikuja usiku. Nilimwona anavyohema, nikajua anachokiona ni lile basi.

"Usiogope, mwanangu," akaanza haraka haraka. "Usiogope hata kidogo. Hana ubaya huyu."

"Siogopi," Menik akasema. "Anachukua watoto gani?"

"Wasioangaliwa na wazazi wao. Basi. Wengine hawagusi."

"Mimi naangaliwa?"

"Unaangaliwa na mimi."

"Na Mama?"

Bu Kus akamfuta makombo ya chipsi mdomoni.

"Anawafanya nini akishawachukua?" mtoto akauliza.

"Hawafanyi kitu. Anawapenda. Anawalisha vizuri, anawafunika, wala hawalii." Alikuwa anatoa pilipili moja moja, anatupa, anatupa, mpaka mchuzi wote ubaki sukari. "Na anawarudisha wote."

"Anawarudisha lini?"

"Mama yao akija kuwatafuta. Akija akalia, akajuta, anawaachia palepale."

"Lazima aje mama mwenyewe?"

"Lazima. Ndiyo sheria yake."

Menik akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali. Uso ule sikuupenda. Lakini usiku ukapita bila kelele, na wa pili, na wa tatu. Mtoto anakula, anaimba, analala mapema. Jumapili Bu Kus akamwambia Wiwit kwenye simu kuwa Menik ni mzima wa afya, hana shida yoyote, wala halii.

Hilo la kutolia alikuwa akilisema kila Jumapili kwa miaka mitatu, ingawa ukuta wangu uliniambia vingine. Mkataba wa kwanza wa Wiwit ulipokwisha, Bu Kus alisema mtoto hana shida, na Wiwit akaongeza. Wa pili vilevile. Na Menik akaambiwa Mama anakuja Idi, na Idi ikapita, akaambiwa ijayo. Sisemi kwa ubaya. Bu Kus anaogopa vitu vingi na huvitaja vyote kwa majina, lakini kimoja hakuwahi kukitaja: kwamba Wiwit akirudi, kile kitanda kitabaki na mtu mmoja.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akaniambia Jumatatu, akicheka kweli. "Umeona, Mbak? Woga wangu umenifaa."

Jumanne jioni Menik hakuwapo.

Kwanza tulimwita kwa sauti ya chakula. Halafu kwa sauti ya hasira. Mvua ilikuwa imepiga mchana kutwa na sasa imekatika, na mbingu ikawa ya rangi ya papai lililoiva kupita kiasi, ile rangi ambayo hapa hatuachi mtoto nje. Milango yote ilikuwa imefungwa. Bu Kus aliigonga mmoja baada ya mwingine, na kila ulipofunguliwa aliuliza kwa sauti ndogo zaidi.

Kwa akina Tejo, yule kijana alianza kulia kabla ya kuulizwa.

"Aliniuliza Wewe anakaa wapi," akasema. "Nikamwambia kwenye mianzi kule korongoni. Nilikuwa namtania, Mbah. Wallahi namtania tu."

Korongoni kuna mtaro wa jiji, na mvua ikinyesha mtaro ule huchukua hata pikipiki. Tulishuka mbio, mimi na Bu Kus na mama yake Tejo, tunateleza na tope. Yule mwanamke asiyeweza kwenda chooni bila taa alikuwa mbele yetu sote. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa, yanaunguruma. Na ukingoni, chini ya mianzi, zilikuwapo kandambili za Menik, zimepangwa sambamba kama mtu anavyopanga akiingia nyumba ya wageni.

Bu Kus hakupiga kelele. Alizishika, akazigeuza kuangalia nyayo, akazivaa mkononi. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Ndani ya muda mfupi kilima kizima kilikuwa nje. Hapa kwetu mtoto akipotea magharibi, hatuanzi na polisi. Watu huja na masufuria, vifuniko, nyungo na miiko, wanapiga, kwa kuwa Wewe hapendi kelele hiyo na huweza kumwachia mtoto. Wapo waliosoma wasioamini, na walipiga kuliko wote. Tulizunguka mianzi, tukapanda, tukashuka, tochi huku na huko, na watu wanaita, "Wewe, mrudishe mtoto wetu. Wewe, mrudishe." Wanaume wawili waliingia mtaroni na kamba kiunoni. Walitoka na mikono mitupu. Nimeshonea watu sanda katika mtaa huu. Nilijikuta napima kitambaa kichwani, urefu wa mtoto wa miaka saba, nikajichukia.

Kisha nikaona Bu Kus ameacha kupiga. Sufuria imening'inia mkononi.

"Hatatoka," akaniambia.

"Usiseme hivyo. Piga."

"Hatatoka kwa ajili yangu, Mbak. Nilimwambia nini mimi? Lazima aje mama mwenyewe. Nilimwambia kwa kinywa changu."

Nikaelewa. Mtoto hakuchukuliwa. Alikwenda mwenyewe, akavua viatu kwa adabu, akakaa mahali akisubiri.

Bu Kus akatoa simu mfukoni. Akaiangusha kwenye tope, akaiokota, akaifuta kwa kanga.

"Ukimpigia Wiwit," nikasema, "ujue ni Blora." Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka ajue kwamba najua.

"Kama yuko hai," akasema, "aende hata mwezini."

Akapiga. Tukasikia sauti ya Wiwit ikinong'ona, kwa kuwa kule ilikuwa saa ya kumlisha yule bibi kizee. "Mama? Nakupigia baadaye, namlisha."

"Menik amepotea," Bu Kus akasema. Akasema yote: gemu, Wewe, uongo wa kila Jumapili, kandambili. Hakujitetea hata kwa neno moja. Upande wa pili kijiko kilianguka. Halafu Bu Kus akaanza kupanda ngazi za msikiti na simu ikiwa imenyooshwa mbele kama taa.

Pak Ponco, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa pale anatangaza kwa mara ya tatu, mtoto wa kike, miaka saba, fulana ya njano. Bu Kus akamsogeza kwa bega, yeye ambaye humwamkia Pak Ponco akiwa ameinama. Akaiweka simu mdomoni mwa kipaza sauti.

"Mwite," akasema.

"Mama, huku wata—"

"Mwite kwa nguvu, Wit."

Basi sauti ya Wiwit ikatoka juu ya mnara, ikashuka kilima chote cha Gombel. "Menik. Menik, mwanangu. Ni Mama. Mama anakutafuta." Masufuria yakanyamaza moja moja. Alianza na aibu ya mtu anayepiga kelele katika nyumba ya watu, na kufika mara ya nne aibu ilikuwa imekwisha, analia, analitaja jina tu. Sauti ilikuwa ikikwaruza na kukatika, ikirudi tena. Nilisimama pale mlangoni nikihesabu miito yake, na kila aliponyamaza nilisikia mtaro.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilimwona kwanza mama yake Tejo akisogea pembeni, na watu nyuma yake wakisogea, wakiacha njia.

Menik alikuja peku, tope hadi magotini, begi la shule mgongoni. Baadaye tulijua alikuwa ndani ya karavati moja kavu juu ya mtaro, amekaa juu ya begi lenye gauni la Idi na mswaki wake. Hakulia. Akapanda ngazi mbio, akampita bibi yake bila kumwona, akaingia upande wa wanawake, akafunua pazia. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia nyuma ya kabati la misahafu.

"Mama amejificha wapi?" akauliza.

Bu Kus alipiga magoti akamvuta, akampapasa mikono, mbavu, miguu, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

"Hukutusikia tukikuita?" akamuuliza. "Tumepiga masufuria, tumekuita, hukutusikia?"

"Niliwasikia," Menik akasema. "Mlikuwa nyinyi tu."

Bu Kus akachukua simu, akampa. Katika kioo cha simu Wiwit alikuwa amelowa uso mzima, na nyuma yake bibi kizee wa watu anaita akitaka chakula chake.

"Mama, umenitafuta?"

"Nimekutafuta, mwanangu. Nimekutafuta sana."

"Basi njoo," Menik akasema. "Wewe harudishi mtu kwa simu."

Yule kizee akaita tena. Wiwit hakugeuka, na mtoto akasubiri, ameshika simu kwa mikono miwili.

Bu Kus akainama juu ya bega la mjukuu wake mpaka uso wake nao ukaingia katika kioo. Nimemsikia akipiga kelele kwa mjusi, kwa radi, kwa samaki wa kuchorwa. Safari hii sauti ilitoka wima.

"Rudi, Wit," akasema. "Mtoto analia. Miaka mitatu yote analia, mimi ndiye nilikuwa nakuficha. Rudi umchukue."

Pak Ponco alikuwa hajazima kipaza sauti, na kilima kizima kilisikia.